Daftari la Mgonjwa Lisilale Nyumbani

Ijumaa ya juma lililopita nilipanda Hiace katika stendi ya Bukoba kwenda Muleba kuwajulia hali ndugu. Tulipofika Kemondo akaingia mtoto wa kiume, umri wake kama miaka kumi na mmoja, amevaa sare ya shule ya msingi, na mkononi ameshika bahasha kubwa ya kaki. Akaniamkia, "Shikamoo baba," nikamwitikia, akajibana kati yangu na mama mmoja mwenye kapu la dagaa. Gari lilipoyumba kwenye kona bahasha ikafunguka, nikaona ndani madaftari mawili ya Hisabati yenye majina mawili tofauti.

"Mwanangu, mbona unatembea na daftari la mwenzio?" nikamwuliza.

"La kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa," akajibu. "Yuko Muhutwe kwa bibi. Amevunjika paja."

Kwa kifupi, habari yenyewe ni hii. Watoto hao wawili wanasoma darasa moja, la tano. Mmoja aligongwa na bodaboda, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani akiwa na plasta na amri ya kutoukanyagia mguu. Mama yake ni mchuuzi wa samaki na hawezi kushinda naye mchana, kwa hiyo akapelekwa kwa bibi. Kila Ijumaa huyu mdogo hupanda gari na madaftari mawili. Lake mwenyewe ni la mgonjwa kunakili masomo ya juma zima. Lile jingine ni la mgonjwa, limetoka kwa mwalimu likiwa limesahihishwa. Jumapili anarudi Kemondo na kazi mpya iliyofanywa kitandani. Kondakta amekwisha kumzoea, anamtoza nusu nauli.

Nilimwomba anionyeshe daftari la mgonjwa. Lilikuwa na hesabu za sehemu, na kando yake alama za vema za wino mwekundu, na chini mwalimu ameandika: "Namba 4 rudia. Pole."

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi mnaonisoma gazetini, nilinyamaza hadi Muhutwe. Neno hilo "rudia" lilinigusa kuliko "pole", kwa sababu mimi sikulipata nilipolihitaji. Leo nitaeleza jinsi ugonjwa mrefu nyumbani unavyomtenga mtoto na masomo, na jinsi ya kuzuia jambo hilo. Nitaanza na nyumbani kwetu.

Mwaka 1992 nilikuwa darasa la tano katika kijiji kimoja cha Muleba. Dada yangu alikuwa la sita. Baba alikuwa amekwisha kututangulia, na mama alianza kuugua wakati wa kuchuma kahawa. Ugonjwa ulikuwa ule ambao wagonjwa wake wa kwanza hapa nchini waligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983, na ambao watu wa kwetu waliupa jina la Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Siku hizo haukuwa na dawa. Mgonjwa aliletwa nyumbani auguzwe na waliopo, na waliokuwapo ni sisi.

Hatukuacha shule kwa siku moja. Jumatatu nilichelewa kwa sababu ya maji. Jumatano dada alibaki kufua mashuka. Ijumaa sote wawili hatukwenda, mama alikuwa na homa kali. Juma lililofuata tulikwenda siku tatu, lililofuata siku mbili. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo letu liliisha hivyohivyo, bila mtu kusikia shoka.

Jambo moja lilinisaidia. Mama alipenda nimsomee. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, lakini kila jioni aliniambia nisogee na kitabu cha Kiswahili, naye husikiliza amefumba macho, na nikiruka mstari alijua. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakikunipotea, na pengine ndicho kilichonifikisha kwenye kipaza sauti hiki. Hisabati ilikuwa habari nyingine. Majuma niliyokosa ndiyo majuma waliyofundishwa wenzangu sehemu na desimali. Hadi leo bajeti ya Serikali ikisomwa Dodoma, mwenzangu wa chumba cha habari ndiye anayenifanyia asilimia.

Niliporudi shuleni baada ya msiba, mapema 1993, nilichapwa viboko vinne kwa utoro. Shule sitaitaja. Mwalimu aliyenichapa hakuwa mtu mkatili, alisoma tu kilichoandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na kilichoandikwa ni kwamba sikuwapo. Hakuna aliyempelekea sababu, naye hakumtuma mtu kuitafuta. Dada yangu alibaki nyumbani zaidi yangu, kwa kuwa ndiye aliyepika, na mtihani wa darasa la saba ukamshinda. Leo ana duka lake Kashai, mjini Bukoba, na fedha anazihesabu kunipita mimi mwenye diploma. Lakini habari ya mtihani ikizuka husema: "Mimi sikufeli. Yale yaliyoulizwa yalifundishwa siku ambazo sikuwapo."

Miaka mingi baadaye nilikuja kufahamu kwamba habari ya nyumbani kwetu ilikuwa imeandikwa na wataalamu, ingawa nyumbani kwetu hawakufika. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha uchunguzi mkubwa katika mkoa wa Kagera. Kaya zaidi ya 900 zilitembelewa, nyingi kati yake mara nne, zikaulizwa nani anaumwa, nani amefariki, nani anakwenda shule, na kwa saa ngapi.

Mwaka 2005 Martha Ainsworth, Kathleen Beegle na Godlike Koda walichapisha walichokiona katika majibu hayo. Watu wengi walitarajia kusikia kwamba mtoto wa miaka saba hadi kumi na minne huacha shule mzazi anapofariki. Hawakuona hivyo. Walichokiona ni kwamba watoto waliokuwa wakisoma walipunguza saa zao za shule katika ile miezi ya kabla ya kifo cha mtu mzima wa nyumbani, na baada ya kifo saa hizo zilielekea kurudi. Maana yake, kabla ya msiba, ule wakati wa kuuguza ulikuwa umekwisha kula masomo. Waliona pia kwamba wasichana walipunguza saa za shule kwa ghafla mara tu walipofiwa na mzazi. Niliposoma hapo nilimkumbuka dada.

Watafiti walirudi mwaka 2004 kuwatafuta walewale waliokuwa watoto katika uchunguzi wa kwanza. Waliofiwa na mama walikuwa wamepoteza, kwa wastani, kiasi cha mwaka mmoja wa masomo ukilinganisha na wenzao. Mwaka mzima! Na mwaka huo hukatika vipande vidogo vidogo, asubuhi ya leo na alasiri ya kesho.

Huenda ukasema, mtangazaji, hayo ni ya zamani. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, na leo mama mwenye virusi akimeza dawa zake kama inavyotakiwa hulima kibanja chake na kusomesha watoto. Lakini magonjwa marefu hayajahama. Yupo bibi aliyepigwa na kiharusi na mjukuu ndiye anayemgeuza. Yupo baba mwenye saratani anayesafiri kwenda Bugando, Mwanza, na kurudi. Yupo mtoto mwenyewe mwenye kifua kikuu, ambacho matibabu yake aghalabu huchukua miezi sita. Na yupo mtoto mwenye selimundu, ugonjwa tunaoufahamu sana huku Kanda ya Ziwa.

Tumchukue huyo wa selimundu. Maumivu yanamjia, anakosa siku tatu, anapata nafuu anarudi. Mwezi ujao siku tatu nyingine. Hakuna anayemwona kuwa na ugonjwa mrefu, maana kila mara amerudi. Lakini siku tatu kwa miezi kumi ni siku thelathini, yaani wiki sita za shule. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa hiyo amekosa karibu sehemu moja ya sita ya mwaka. (Hesabu hiyo nimesaidiwa.)

Ubaya wa siku hizo haulingani kwa kila somo. Somo la Historia likikupita, unaweza kusoma habari ya mji mmoja bila kujua ya mji mwingine. Hisabati ni ngazi, kidato kimoja kikikosekana cha juu yake hakifikiki. Asiyejua sehemu hawezi desimali, asiyejua desimali asilimia zitamtoa jasho. Hali kadhalika kusoma na kuandika, na Kiingereza kwa wale wanaokaribia sekondari. Mtoto anaporudi na kukuta wenzake wako kidato cha tano cha ngazi, naye aliachwa cha pili, haelewi kinachosemwa, anaona haya kuuliza, na haya hiyo ndiyo humfanya mtoro wa kweli.

Sote tulionja kidogo hali hiyo mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya UVIKO, na wanafunzi wa shule za msingi walirudi Juni 29. Wakati huo masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, wazazi tukageuka walimu. Hata hivyo watoto wote walisimama pamoja na wakaanza tena pamoja, na mwalimu alijua pa kuanzia. Mtoto wa nyumba yenye ugonjwa husimama peke yake huku darasa linakwenda. Na tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa majengo ya Ihungo na Nyakato, taifa zima lilijua kwamba kuna wanafunzi wasio na darasa. Mtoto anayekaa kando ya kitanda cha bibi yake hana kishindo cha tetemeko. Hakuna anayejua habari zake asipotumwa mtu kusema.

Basi tufanyeje? Nitaeleza kama ninavyowaeleza watu wa nyumbani kwangu.

Kwanza, shule ipate taarifa mapema, tena kwa maandishi. Juma la kwanza tu la ugonjwa, mzazi au mlezi amwone mwalimu wa darasa. Kama kuna karatasi ya hospitali, apeleke nakala. Si lazima kutaja jina la ugonjwa kama hutaki, nasi wa Kagera tunajua kwa nini mtu huficha. Inatosha kusema mtoto ni mgonjwa, au nyumbani kuna mgonjwa, na itachukua muda. Taarifa hiyo ndiyo inayotenganisha mgonjwa na mtoro kwenye daftari la mahudhurio, nayo ingeniokoa na viboko vinne. Kama mtoto yuko katika darasa la mtihani wa taifa, mwambie mwalimu mkuu hali ilivyo mapema, usingoje wiki ya mtihani.

Pili, apatikane mbeba daftari. Achaguliwe mwanafunzi mmoja wa darasa lile anayekaa jirani, na mwalimu amtambue kwa kazi hiyo. Mgonjwa awe na madaftari mawili kwa somo moja, ili lingine likiwa kwa mwalimu yeye abaki na lingine la kufanyia kazi. Na daftari liende njia zote mbili. Kunakili peke yake ni kazi ya mkono. Mtoto hujifunza anapojaribu, akakosea, akaambiwa pale umekosea, rudia. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani ataniuliza muda huo ataupata wapi. Mwalimu wangu, sikuombi maelezo marefu. Hesabu tano kwa juma na mstari mmoja wa wino mwekundu vinatosha. Mtoto akiona wino wako anajua kwamba bado ni mwanafunzi wako.

Tatu, usijaribu kuyafukuza masomo yote. Chagua yale ya ngazi: Hisabati, kusoma na kuandika, na Kiingereza kwa madarasa ya juu. Mengine yatangoja. Kama nyumbani kuna redio au simu, ni msaada, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao. Lakini usingoje simu ndipo uanze. Gazeti unaloshika sasa hivi linaweza kusomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la nne, na mama aliyelala anaweza kumsahihisha.

Nne, muda uwe mfupi na uwe uleule. Nusu saa asubuhi mwili ukiwa na nguvu, na nusu saa jioni, ni bora kuliko kumbana mtoto Jumamosi nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Mwulize daktari au mwuguzi mtoto anaweza kukaa kwa muda gani. Siku ya homa kali au maumivu, daftari lifungwe bila lawama. Hatutaki mtoto apone masomo huku mwili unaumia.

Tano, na hili ni la nyumba ambamo mgonjwa ni mtu mzima. Ukoo ukutane na kugawana zamu. Sisi Waafrika tuna sifa ya kujaa msibani. Tunakuja na ndizi, na kahawa, na kanga, tunalala chini siku kadhaa. Ningeomba sehemu ya watu hao waje kabla ya msiba. Shangazi akichukua asubuhi za Jumatatu, baba mdogo akalipa mtu wa kuteka maji, jirani akapika uji siku mbili kwa juma, mtoto atakwenda shule. Na zamu zisimwangukie msichana peke yake. Kaka yake ana mikono miwili kama yeye, nami niliyekuwa kaka nakiri kwamba yangu haikufanya kazi ya kutosha.

Sita, mtoto anaporudi apokewe. Mwalimu amkalishe karibu, ampime kimyakimya ajue amebaki kidato gani, asimwulize mbele ya darasa alikokuwa. Kule Nshamba, Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafundisha walimu kutambua huzuni ya mtoto aliyefiwa, wasiione kuwa ni ukaidi. Fundisho hilo bado linatufaa.

Na kwa yule ambaye gogo lake limekwisha kuisha, mlango haujafungwa. Novemba 24, 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Watoto waliopitwa na umri wana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Wakubwa wana Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambako mtu anaweza kusoma sekondari akiwa anaendelea na shughuli zake. Mwone ofisa elimu wa kata yako, ndiye wa karibu. Nilimweleza dada yangu habari hizi mwaka juzi, akacheka, akasema duka litafungwa na nani. Lakini mwezi uliopita aliniuliza tena ada ni kiasi gani.

Tulipofika Muhutwe yule mtoto akashuka. Pembeni mwa barabara alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye fimbo, amekuja kumlaki. Kabla hata ya kuamkiana alinyosha mkono, akapokea bahasha.

Mtoto wa jirani yako akikosekana barabarani asubuhi ya kesho, mwulize mama yake kulikoni. Kama ni ugonjwa, mwambie mwanao apite akachukue daftari. Hadi juma lijalo, wasalaam.